Treni ya Kindi

Mwalimu Tokunaga hakuwahi kushika kibao cha mpira wa meza maishani mwake, lakini mwalimu mkuu alimkabidhi timu ya mpira wa meza. Shuleni kwetu huku Akita, asiyejua kukataa hupokonywa Jumapili zake zote. Mimi nilibambikiwa voliboli, kwa hiyo nisimcheke sana.

Kilichomuuma ni kwamba katuni aliyoipenda ilionyeshwa Jumapili asubuhi, wakati yeye yuko ukumbini anapuliza filimbi. Ilikuwa katuni ya kindi anayeendesha treni kutoka milimani hadi baharini, akimtafuta mama yake. Tokunaga aliona vipindi vya mwanzo tu, kabla ya kupewa timu, akanasa kabisa. Mtu mzima mwenye mvi, mwalimu wa hesabu! Mchana alikuwa akikata maboksi ya maziwa ya wanafunzi na kutengeneza mabehewa ya treni ile, kila moja na madirisha yake, hadi meza yake ikakosa pa kuwekea daftari. Tulimtania sana.

"Mwalimu, treni yako inaondoka lini?" nilimuuliza siku moja.

"Nikistaafu. Wewe andaa tiketi."

Hakuwa anatania. Televisheni yake ilikuwa ikirekodi kila kipindi kwenye kiboksi kidogo cheusi kilichochomekwa nyuma yake, mwaka baada ya mwaka, hadi katuni ikaisha. Aliwahi kujaribu kuangalia usiku akitoka kazini, akasinzia hata wimbo wa mwanzo haujaisha. Akaapa ataiangalia akiwa na akili zake, kuanzia mwanzo. Ikitajwa mbele yake aliziba masikio, nasi tukazoea kunyamaza. Kampuni iliyoitengeneza ilifilisika, na katuni yenyewe haikuwahi kuuzwa madukani.

Mwaka huu, mwisho wa Machi, alistaafu. Dada yake Kinuyo, anayeishi naye, alinialika nyumbani kula kiritanpo, wali unaopondwa na kuchomwa kwenye vijiti, na kweli mchuzi wa kuku ulikuwa mtamu na vijiti vya wali vimeiva vizuri. Sebuleni kulikuwa na televisheni mpya, kubwa kama mlango. Kinuyo alikuwa ameinunua kwa siri. Ile ya zamani ilikuwa na mstari katikati ya kioo, naye akaona aibu mdogo wake astaafu na takataka kama ile. Watu wa duka walikuwa wameshaichukua na kwenda kuivunjavunja.

Fundi wa duka, aliyekuja kuifunga hiyo mpya, alichomeka kile kiboksi. Kioo kikaandika kwamba kiboksi hakisomeki, kikauliza kama kifutwe kwanza ndipo kitumike, ndiyo au hapana. Akatueleza, huku ameinamisha kichwa, kwamba kilichorekodiwa hufungwa kwa televisheni iliyokirekodi, na nyingine yoyote haiwezi kukifungua. Kisha akafunga mkoba wake na kuondoka haraka, swali likiwa bado kwenye kioo.

"Kwani shida nini, Isao?" Kinuyo akauliza. "Si picha zako zimo humo humo?"

"Zimo, dada. Zimo zote," Tokunaga akajibu.

Akapiga magoti na kumshukuru kwa zawadi nzuri. Kinuyo akafurahi, akaenda jikoni kupasha mchuzi. Nilitamani sakafu inimeze.

Tulipobaki wawili, Tokunaga akanigeukia. Masikio aliyoyaziba miaka yote sasa aliyafungua mwenyewe.

"Mwalimu Hisako, niambie tu. Yule kindi alimpata mama yake?"

Katika miaka yote ile ya kunyamaza kwa ajili yake, sikuwa na chochote cha kunyamazia. Jumapili zangu zote nilikuwa uwanjani na voliboli, na wenzetu wote wa ofisini vilevile, kila mmoja na timu yake.

"Sijui," nikamwambia. "Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona."

Kinuyo akaita kutoka jikoni, akiuliza kama mashine iko tayari, maana alitaka kurekodi tamthilia yake ya asubuhi.

"Iko tayari, dada," Tokunaga akajibu, akachukua rimoti, akabonyeza ndiyo.