Mkono wa Mkata Nyuzi

"Yule mama anayekata nyuzi, mkono wake umefanya nini?"

Shangazi aliniuliza hivyo asubuhi moja ofisini kwetu Guangzhou, siku chache kabla ya kufunga kontena la madera ya Idi. Ndiyo kwanza nilikuwa nimempa ripoti: laoban, yaani bosi wa karakana ya ushonaji ya mtaa wa Kangle, ameahidi kwamba Alhamisi mzigo wote utakuwa tayari. Karakana ile nilikuwa nimeifikia mara nne. Yule mama nilimkumbuka kama kofia ya buluu iliyoinama karibu na mlango, basi. 

Binamu yangu alikuwa pembeni akimenya chungwa.

"Umeungua na pasi ya mvuke, Mama Mkubwa," alisema. "Anakatia wa kushoto. Kwa mwendo ule, Alhamisi hatufiki. Nusu tuipeleke ikamaliziwe kwingine."

Shangazi alikuwa anajiandaa kurudi Dar moja kwa moja, na mmoja wetu angeachiwa ofisi. Niliitaka. Nilikuwa na digrii ya Kichina. Binamu aliishia kidato cha nne. Alipozungumza Kichina, sauti zilipanda pasipotakiwa kupanda hadi wauza vitambaa wakacheka, kisha wakamsogezea kigoda. Mimi walinisifu matamshi, wakaniacha nimesimama.

"Dada, Kichina chako cha redioni," alinitania siku moja. "Changu cha jikoni."

Nilicheka, lakini ndani nilikunjamana kama aliyekula embe bichi bila chumvi.

Tuligawa mzigo. Alhamisi ilipofika, laoban akaomba siku tano zaidi. Nusu aliyoiokoa binamu ilikuwa imeshafika ghalani. Shangazi hakunigombeza. Alisema tu, "Msomi wetu, uliwasikia wote. Ulimtazama nani?"

Nilikataa kuita hekima kile alichokiona binamu. Nilijiambia ule ni umbea uliobahatika. Na kama huruma inaleta habari, basi huruma ni mbinu, na mbinu hujifunzwa. Juma lililofuata nilinunua machungwa na dawa ya kupaka, nikaenda Kangle, nikakaa mbele ya yule mama. Nikamuuliza kwa Kichina safi anaendeleaje, ametoka mkoa gani, ana watoto wangapi, wanalelewa na nani, bosi alimpa mapumziko au hakumpa. Alijibu yote kwa adabu, kama mtu anayejaza fomu. Machungwa aliyasukuma chini ya meza.

Kisha binamu akaingia, na yule mama akacheka kabla hata hajasalimiwa. Nilitamani binamu akosee, walau mara moja, mbele ya watu. Nilitamani hivyo kwa miezi mingi.

Ofisi aliachiwa yeye. Mimi nikabaki mkalimani wake. Kila mteja aliyemsifu alinitia kazi ya kutafuta sababu nyingine: bahati, sura, meno yake meupe akicheka. Kuna siku nilisahihisha Kichina chake mbele ya wanunuzi kutoka Lubumbashi, jambo ambalo halikuwa na haja. Alinishukuru, na shukrani yake ikaniudhi kuliko matusi.

Miaka mitatu ikapita. Yule mama alipokuwa anaacha kazi arudi kwao, binamu alikuwa Shiling akikagua mikoba, akanituma nimpelekee zawadi ya kumuaga. Nilimkuta anafunga begi. Nilimuuliza jambo lililokuwa limenikaa muda wote ule: "Binamu yangu alikuuliza nini hata ukamweleza habari za mkono?"

Alinitazama kama hajaelewa, nami nikarudia.

"Hakuniuliza kitu," alisema. "Aliniona nashika mkasi kwa mkono wa kushoto, akauchukua, akaanza kukata nyuzi. Alikata mpaka saa ya chakula."