Gari ya Harusi Iliyonuka Esansi

Harufu ya esansi ikinipata asubuhi kabla sijanywa chai, siku yangu inaanza vizuri. Cheka ukitaka. Siku hizi hapa Bujumbura esansi, petroli ya gari, ni ya kutafuta kwa foleni, na mtu akiwa nayo kwenye chupa anaishika kama dawa ya mgonjwa. Juma lililopita kijana mmoja aliingiza gari ya zamani kwenye garaji yangu, Buyenzi. Alipofungua kifuniko cha injini, harufu ile ikanipiga usoni: esansi mbichi juu ya chuma chenye joto, tamu kidogo, kisha kali nyuma ya koo. Papo hapo sikuwa tena mwanamke mwenye mafundi saba. Nilikuwa na miaka tisa, nimelala chali chini ya gari ya baba, vumbi limejaa nywele.

Shule nilifika mwaka wa tatu tu, na sioni haya kusema. Ninachojua nilikijua kwa mikono na kwa pua, na kimenijengea nyumba Kinanira, ambako majirani wametundika diploma ukutani na magari yao wananiletea mimi.

Baba alikuwa shoferi. Gari yake ilikuwa kuukuu tangu wakati ule, rangi ya maziwa, na kila harusi ya mtaa wetu ilipita ndani yake. Mimi nilikatazwa kuikaribia. Mama akisikia esansi kwenye gauni langu, nilichapwa. "Mutoto mwanamuke na gari, wapi na wapi!" Nilichapwa sana, kwa sababu sikuacha.

Baba alikuwa na vituko vyake viwili ambavyo mtaa mzima ulivijua. Ijumaa alijimwagia manukato mpaka waliokaa karibu naye msikitini walikohoa. Na chakula alikisifu hata kikiwa kibaya. Siku moja maharagwe yaliungua mpaka moshi ukaingia chumbani, sisi watoto tukakunja nyuso. Yeye alikula, akalamba vidole, akasema, "Mama Hawa, leo umepika." Niliwaza: huyu ndiye mume.

Basi shangazi yangu Zaina, mdogo wake baba wa mwisho, akaposwa na mtu wa Gatumba. Baba alimlea tangu wazazi wao walipofariki, na aliapa mbele ya watu kwamba atamtoa nyumbani kwa gari yake mwenyewe. Siku ya harusi ikiwa imebaki wiki moja, gari ikaanza kudondosha esansi. Tone, tone, karibu na gurudumu la mbele la kushoto. Ikipanda mlima, inakohoa.

Kaka wa bwana harusi, Kassimu, alikuja kutusalimia akiwa na gari mpya inayong'aa. Alisimama mlangoni, akaziba pua.

"Shemeji, apana kasirika. Hiyo gari yako inanuka toka avenue ya nane. Tutaleta hii yangu. Bibi harusi asifike kwetu kama taa ya mafuta."

Wanawake waliokuwa wanapepeta mchele walicheka. Baba hakucheka.

"Dada yangu atatoka hapa mu gari yangu," alisema. "We fuata nyuma, ukule vumbi."

Kesho yake akaanza kazi. Kwanza alikata mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, akaufunga kuzunguka bomba la esansi pale lilipolowa. Lilikuwa bomba la shaba, jembamba kama kidole changu, linalotoka kwenye tangi nyuma na kupita chini ya gari hadi kwenye injini. Siku ya pili mpira ulikuwa umevimba, laini kama ugali uliomwagiwa maji. Esansi inakula mpira wa namna ile. Baba alijua, lakini hasira ilimharakisha. Akachukua sabuni ya kufulia ya mama, akaikanda, akaipaka. Sabuni esansi haiiyeyushi, ikashika. Alizunguka na gari hadi sokoni na kurudi: tone, tone. Akaomba unga wa muhogo, akaupaka bomba zima ili aone utalowa wapi. Kwa joto la Bujumbura esansi ilikauka kabla jicho halijaiona. Mama alilalamika kwamba gari inakula na kuoga kuliko watoto.

Siku hiyohiyo maharagwe yakaungua tena. Baba akayasifu tena.

Asubuhi iliyofuata mama alinikuta nafagia uwanja. Alininyang'anya ule ufagio. "Hawa, nenda kwa baba yako. Umusaidie." Nilidhani ni mtego. "Nenda nimesema!" Kisha akabeba mbabula yake yenye makaa, akaipeleka kupikia kwa jirani, mbali na gari.

Baba alinitazama, akatazama mlango wa jikoni. Halafu akasema atanifundisha mchezo. Tulisukuma gari mpaka mahali ambapo ardhi ilikuwa kavu. Akafuta bomba lote kwa kitambaa, tukasubiri upepo upite. Kisha nikalala chini ya gari, macho nimefumba, pua karibu na shaba, naenda polepole kutoka mbele kurudi nyuma.

"Hapa?"

"Apana, baba."

"Hapa?"

"Apana."

Kila baada ya hatua chache alinivuta miguu nitoke nivute hewa safi, maana harufu ile ikikaa puani unaanza kuisikia kila mahali. Tulifika mahali ambapo kibanio cha chuma kililishikilia bomba, mbali kabisa na gurudumu la mbele. Pua ikawaka.

"Ni hapa!"

"Haiwezekani. Inadondoka kule mbele."

"Ni hapa, baba. Chini ya hii chuma."

"Una hakika?" Aliniuliza mara tatu. Kisha akaingia mwenyewe chini ya gari kuhakiki. Aliweka pua kwenye bolti moja iliyokuwa umbali wa shibiri nzima kutoka nilipoonyesha, akavuta hewa kwa nguvu, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. "Mm. Ni kweli. Ni hapa." Nikastaajabu jinsi pua za watu wazima zinavyofika mbali.

Alifungua kibanio. Miaka ya kutetemeka ilikuwa imelisaga bomba, likatoka ufa mwembamba kama unywele, na esansi ilikuwa inatembea juu ya bomba kimyakimya mpaka mbele, ndipo inadondoka. Alimwaga esansi yote ya tangini kwenye bidoni. Alikata kipande kilichosagika, akaweka kipya, kila ncha na nati yake na pete yake ya shaba. Kibanio alikivisha ngozi aliyoikata kwenye kiatu chake, ili chuma kisisugue tena. Siku ile alitembea na kiatu kimoja, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno.

Siku ya harusi mashangazi waligombania kiti cha mbele. Baba akaniweka mimi. "Mutoto huyu mu kiti cha watu wazima?" alilia shangazi mkubwa. Baba akajibu, "Bila huyu gari haitoki." Nilivimba kwa fahari. Shangazi Zaina alikaa nyuma, amefunikwa. Kabla ya kuwasha injini baba aliniinamia: "Ukisikia kitu, sema. Usiogope mutu."

Njiani kuelekea Gatumba barabara ilikuwa na mashimo. Tulipokaribia kufika, nikasikia kitu, kidogo sana, kama mtu amepita na chupa wazi. Nyuma yetu kulikuwa na magari, ngoma, vigelegele. Kusema kungetuaibisha. Nikasema.

Baba alisimama palepale. Hakuuliza. Alizima injini, akawatoa wote nje pamoja na bibi harusi, akatandika mkeka na kuingia chini ya gari na kanzu yake nyeupe. Kassimu alipiga honi. "Shemeji, nilikuambia! Tumupakize huku!" Watu wakacheka. Nililala tumbo karibu na baba, nikanusa, nikamwonyesha nati ya nyuma. Akaikaza, akafuta.

"Bado?"

"Bado kidogo."

Akakaza tena, akafuta tena. Tukasubiri. Honi zilikuwa zinalia.

"Bado?"

"Imekwisha, baba."

Alitoka, kanzu ina mafuta mgongoni, akamshika dada yake mkono na kumrudisha garini. Tuliingia Gatumba mbele ya magari yote, na Kassimu akala vumbi lake.

Miaka mingi ilipita. Baba alikwisha kuzikwa, nami nilikuwa na garaji yangu, siku nilipomsimulia mama kwa kicheko jinsi baba alivyonusa bolti badala ya bomba. Mama hakucheka. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

"Baba yako alikuwa hasikii harufu yoyote. Miaka yote ile ya kunyonya esansi kwa mdomo na bomba, pua ilikufa. Maharagwe ya kwanza yaliungua bahati mbaya. Ya pili niliyaunguza mwenyewe, nimujaribu. Nikamutazama anasifu. Nikajua."

"Mbona hukumwambia?"

"Nimuambie nini? Shoferi asiyesikia esansi, nani atapanda gari yake? Na yeye na kiburi chake, angekubali? Nilimupatia pua. Nilikuwa nayo moja hapa nyumbani, inazurura tu uwanjani."

Niliacha kucheka. Nikakumbuka lile "Bado?", amelala chini na dada yake amesimama barabarani, honi zinalia, na hakuwa na kitu kingine cha kutegemea ila jibu la mtoto wa miaka tisa. Ningesema imekwisha kwa kuogopa watu, angeniamini, angewasha injini.

Kijana wa juma lililopita alinionyesha mahali tone linapoangukia. Nikawaambia mafundi wazime kila moto, walete kitambaa kikavu. Kisha nikakunja kitenge, na magoti yangu haya mabovu, nikalala chini mwenyewe.