Bibi Aliyeachwa Langoni

Pelagia alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa tunang'oka meno ya utoto. Tulisoma pamoja shule ya misheni, si mbali na Bukene. Mimi niliacha mapema nikaolewa, yeye akaendelea kwa sababu kichwa chake kilikuwa chepesi.

Tulichokipenda kuliko vyote pale shuleni ni vile vitabu vidogo vya Mihayo na Kalunde. Vilikuwa vitano, vya jalada la kaki na picha za wino mweusi. Mihayo na Kalunde ni kaka na dada waliofuatana na baba yao mpagazi katika njia ya misafara, kutoka huku kwetu mpaka pwani. Walitoroka simba, walivuka mito, na walipoiona bahari walidhani ni mbuga iliyofurika. Pelagia alijiita Kalunde. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwoga, nilipewa niwe punda.

Katika kitabu cha pili watoto wanaagana na bibi yao. Pichani bibi amesimama langoni, ungo mkononi, anatabasamu. Katika kitabu cha tano wanarudi na chumvi na kaniki, na bibi yuko pale pale langoni, "mwenye afya na furaha." Pelagia alikuwa akiibusu picha ile. Hakuwa na mama. Alilelewa na bibi yake mzaa baba, Bibi Ngollo, mwanamke mwembamba, mkali wa maneno, aliyemfundisha kutwanga, kuomba na kunyamaza.

Tukakua. Pelagia akaolewa na Hilari, wakajenga papo hapo kwa bibi, ndani ya ua wa minyaa, kando ya ile njia yenyewe ya misafara ambako hata leo ukilima unafukua vigae vya vyungu. Babu yake alizikwa ndani ya ua huo.

Mwaka sabini na nne, tulipokwisha kuvuna, tukaambiwa na serikali tuhamie kijiji cha ujamaa. Sisemi vibaya, shule tuliipata, na kisima tulikipata. Lakini haraka ilikuwa kubwa mno. Lori lilipofika kwa akina Pelagia, Bibi Ngollo aliketi juu ya kigoda chake kando ya kaburi la mumewe akakataa kuinuka.

"Tangulieni," alisema. "Mimi nachambua mbegu zangu. Mtakuja kunichukua."

Watu wa lori walikuwa wanapiga honi. Pelagia alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Akapanda. Alipogeuka, bibi alikuwa amesimama langoni. Pelagia aliniambia baadaye kwamba pale pale moyo wake ulitulia, kwa sababu ilikuwa ile picha.

Wiki ile hakurudi, wala ile iliyofuata. Kulikuwa na nyumba ya kujenga, shamba la kijiji, na kufyeka. Hilari alikwenda na baiskeli akampelekea unga, akarudi akisema bibi mzima. Kila ndugu alijua kuwa ndugu mwingine anamtazama. Nikimuuliza Pelagia, alikuwa akicheka: "Bibi yangu ni kama bibi yake Kalunde. Yeye na lango lake."

Mwaka uliofuata Pelagia akapewa kazi ya kufundisha kisomo cha watu wazima. Tulikuwa wanawake watupu, na mimi nilikwenda kukumbushia. Tulipomaliza vitabu vya kilimo bora cha pamba na choo bora, Kuluthumu, aliyekuwa anauza maandazi pale stesheni, akasema, "Mwalimu, choo tumekichimba. Sasa tusome habari za watu."

Ndipo Pelagia akatoa sandukuni vile vitabu vitano. Aliona haya kidogo, maana ni vya watoto. Lakini wanawake walivishika kama chakula. Walisoma kwa kidole, wakacheka, wakabishana. Wakati huo wenzangu wengi walikuwa na wajukuu, na hawakusoma kama tulivyosoma sisi utotoni.

"Huyu Kalunde siku hizi ni mtu mzima kama sisi," alisema Bertila, jirani yangu. "Yuko nyumba kumi zipi?"

"Huyo, kwa urembo ule? Kiwanja chake kiko ubavuni kwa balozi!"

"Na Mihayo je?"

"Mihayo ni karani wa pamba. Anaiba kwenye mizani."

Tulicheka mpaka watoto wakaja kuchungulia dirishani. Siku tulipofika mwisho wa kitabu cha tano, Eustadia ndiye aliyesoma. Huyu alikuwa mjane, mpole, na ulimi wake ulikuwa mzito kwa kusoma. Akafika penye "mwenye afya na furaha," akaurudia mstari. Akafunua nyuma, akafunua mbele.

"Mwalimu, kuna ukurasa umenyofoka?"

"Hapana, dada. Ndivyo kilivyo."

"Hawa wamekwenda pwani na kurudi. Misafara ile ilikuwa miezi na miezi. Masika yamepita hapo, na njaa. Huyu bibi nani alimkatia kuni? Nani alimchotea maji?"

"Labda majirani," nilisema mimi.

"Majirani gani? Kitabu hakina jirani hata mmoja." Akamtazama Pelagia, bila ubaya wowote. "Aliyeandika hiki hajawahi kuwa bibi."

Wengine walicheka. Pelagia hakucheka. Alikuwa ameshika chaki, na nikaona vumbi lake linamdondokea miguuni. Akasema somo limekwisha. Tulipofika kwangu akaniambia, "Nimemwacha bibi yangu kitabuni."

Asubuhi tuliondoka: yeye, Hilari na baiskeli, mimi, na Mzee Mfaume. Huyu Mfaume alikuwa Mzaramo, aliletwa huku na kazi za reli, sasa mshonaji pale kijijini. Mimi ndiye niliyesema tumchukue. Bibi Ngollo alikwisha kataa lori, angekataa na machozi. Lakini Mzaramo kwetu Wanyamwezi ni mtani, tangu wazee wetu walipokuwa wanafika pwani na mizigo. Mtani akikutukana hukasiriki. Akichukua chako, humshitaki. Na msibani yeye husema lile ambalo mwenye kufiwa hawezi kulitamka.

Tulimkuta bibi yuko hai, Mungu ashukuriwe. Lakini nilipomwona nilishika rozari yangu. Paa la nyumba kubwa lilikuwa limeanguka, naye alikuwa akilala jikoni. Mbuyu wake wa maji, nikisema mbuyu ni kile kibuyu kikubwa, ulikuwa umepasuka, akawa anateka kwa kopo, kidogo kidogo. Pelagia alipiga magoti akamsalimu, "Mwangaluka, bibi." Bibi akaitikia kama unavyomwitikia mpita njia.

Hilari alibembeleza. Mimi nilibembeleza. Bibi akasema, "Siwezi kumwacha huyu peke yake," akaonyesha kaburi.

Mfaume akaenda kwenye kaburi, akasimama mikono kiunoni.

"Wewe Mnyamwezi! Umelala hapo umemshika mwanamke upindo wa nguo. Ulipokuwa hai hukumbebea hata mtungi, sasa umekufa ndiyo unaona wivu? Mwachie! Namwoa mimi leo. Ukitaka kesi, nifuate kwetu Maneromango!"

Bibi alifunua mdomo. Kabla hajasema kitu, Mfaume alikuwa amekwisha nyakua kigoda na chungu cha kupikia, yuko njiani.

"Mwizi! Mla papa wewe! Rudisha!"

"Mla michembe! Mla viazi vikavu! Kama unakitaka kigoda, kifuate!"

Na bibi akakifuata. Alikwenda na fimbo yake akimtukana Mfaume, matusi ya kale ambayo sithubutu kuyaandika, naye Mfaume akimjibu bila kugeuka. Alipochoka tulimpandisha kwenye baiskeli. Alikaa akitazama nyuma tulikotoka mpaka minyaa ya ua wake ikapotea. Tulicheka njia nzima. Pelagia ndiye pekee aliyekuwa analia.

Mngedhani yameisha. Bibi alipewa chumba kwa Pelagia, upande usioingia upepo. Mfaume alikuja kila siku kuchukua uji wa "mke wake," nao walitaniana mpaka majirani wakavuta vigoda. Lakini Pelagia akiingia, bibi alinyamaza. Alikula alichopewa. Aliitikia salamu. Basi. Pelagia alikonda. Kisomo alikiacha kwa muda, na viongozi wa kijiji wakamsema. Alikwenda kuungama, akarudi akaniambia, "Padri amenisamehe. Mungu najua amenisamehe. Bibi bado."

Kwaresima iliyofuata, mvua zikiwa kubwa, bibi akaanza kuishiwa nguvu. Siku moja nilikuwa nimeketi naye namkuna miguu, Pelagia akaingia na uji, akauweka chini, akashindwa kuvumilia.

"Bibi, nimekukosea nini usiniambie? Si nimekuleta? Si uko kwangu?"

Bibi aligeuka akamtazama.

"Aliyenileta ni Mzaramo," alisema. "Alinichukua kwa utani, na mimi nikaja kwa utani. Wewe nilikungoja pale langoni. Wewe bado hujaja kunichukua."

Pelagia alisimama. Nilidhani atajitetea, maana sababu alikuwa nazo: watoto wadogo, lori, shamba la kijiji. Hakutaja hata moja. Alipiga magoti hadi paji la uso likagusa ukingo wa kitanda.

"Nimekuja, bibi."

"Umechelewa."

"Nimechelewa. Nimekuja."

Mvua ilikuwa inapiga nyasi za paa, na mimi nikawa nataka kutoka, lakini sikuthubutu kupita kati yao. Kisha bibi akaunyosha mkono wake, ule mkavu, akauzungusha shingoni mwa Pelagia kama mtu anayetaka kuinuliwa.

"Nitoe nje," alisema. "Chumba hiki kinanuka dawa."

Pelagia akambeba mpaka barazani. Alikuwa mwepesi, aliniambia, kama mzigo wa majani. Akaketi naye amempakata, nao wakatazama mvua mpaka uji ukapoa.