CD Ambayo Sikuifunga

Siku ya kwanza kazini, karibu na stendi ya Bariadi, Fundi alinipa CD tupu na kitambaa laini. "Shika pembeni tu, kama chapati ya moto," alisema. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuwa mtu wa maneno. Wateja waliniita Bubu. Fundi alisema bubu anafaa, kazi hii haitaki domo.

Ugumu wa kuchoma CD ni kwamba kila nyumba ilikuwa na deki yake. Deki za zamani zilisoma VCD tu, ambayo picha yake ni hafifu. Mpya zilisoma DVD. Video ya simu ilibidi ibadilishwe kwanza iwe aina ambayo deki inaijua. Tulichoma taratibu, maana CD iliyochomwa haraka hukwamakwama. Mwisho kabisa tuliifunga, yaani kompyuta huandika alama ya kumaliza, dakika chache hivi. CD isiyofungwa hucheza kwenye kompyuta iliyoichoma tu.

Fundi alikuwa na deki tatu mezani za kujaribia. "Ikigoma hata kwa moja, usifute kitu," aliniambia kila siku.

Baadaye nilihamishiwa Dutwa, kwenye kibanda cha Msimamizi. Pale deki ilikuwa moja, nayo mbovu.

Siku ya mnada alikuja mama mmoja. Nikamsalimia, "Mwangaluka, mayu," kama tunavyowasalimia mama zetu. Alifungua pindo la kanga akatoa memori kadi. Mwanawe alikuwa amefia machimboni, na kadi ilirudi pamoja na nguo zake.

"Wanasema alijirekodi akiongea na mimi," alisema. "Simu yangu ni ya tochi. Deki ninayo, ya sola. Nataka tukae ndugu wote tumsikilize. Halafu hiyo kadi nijazie kwaya, nina kiredio."

Nilipaswa kumuuliza kama kuna mtu mwenye nakala. Niliona aibu. Kijana akatokea kwenye kioo cha kompyuta, amesimama juani, akaongea dakika kumi na moja. Sauti nilikuwa nimeizima, kwa sababu spika ya nje ilikuwa inapiga nyimbo za kuvutia watu. Mimi nilitazama asilimia zikipanda.

"We Bubu, umepata mchumba humo?" Msimamizi alipiga kelele. "Foleni hiyo!"

Niliitoa CD kabla haijafungwa. Ilicheza kwenye kompyuta yetu, nikaona inatosha. Nikafuta kadi, nikaijaza kwaya mpaka ikajaa. Jioni nikaifuta video na kwenye kompyuta, kama kawaida, maana ilikuwa na nafasi ndogo.

Mnada uliofuata alirudi. Deki yake ilikuwa imeikataa CD, majirani wakaisugua kwa dawa ya meno, ikakataa tena, wakaisugua kwa majivu. Ilikuwa nyeupe kama sufuria iliyokwanguliwa. Niliipeleka Bariadi kwa Fundi. Aliiinua kwenye mwanga, akanirudishia.

"Kadi iko wapi?"

Nilitazama zile deki tatu mezani.

"Ulifuta," alisema, akaendelea na kazi yake.

Nilimweleza mama. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Wewe ulimwona. Alisema nini?"

"Sikusikia, mayu. Sauti niliizima."

"Hata neno moja?"

Nilitafuta cha kumpa. "Mwishoni alicheka kidogo."

Sasa hakuna anayechoma CD. Fundi analima pamba. Kibanda cha Dutwa kinauza vifuniko vya simu. Nimestaafu kabla ya kufika miaka thelathini, na ninyi vijana ninaowaandikia hamna hata deki ya kujaribia. Mikono yangu inajua kazi ambayo haina mtu wa kuihitaji, isipokuwa mmoja, na huyo siwezi kumsaidia.

Mama yule bado ananijia siku za mnada. Hanunui kitu.

"Alicheka?"

"Alicheka, mayu."

Zamani nilikuwa na hakika. Siku hizi nikiutafuta ule uso siupati vizuri. Huenda alikuwa anakunja macho kwa sababu ya jua. Mama huitikia kwa kichwa, anajifunga kanga yake vizuri, anaondoka.