Siku Mama Wali Alipokaa Mbele

Dada yangu amepika wali katika mkahawa wa Kijapani kwa miaka kumi na mmoja, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukalia hata kiti kimoja cha wateja. Aliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa uchochoroni karibu na mapipa ya taka, akatoka kwa huohuo. Wenzake jikoni wanamwita Mama Wali. Wateja hawamwiti chochote kwa sababu hawajui kama yupo.

Mimi ni mshonaji, na mdomo wangu haujui kutulia, kwa hiyo mara nyingi nilimwambia aache kazi ile. Unaosha mchele miaka nenda rudi, halafu sifa anavuna mwingine? Jibu lake lilikuwa moja tu. Mpishi mkuu, mzee wa Kijapani anayesimama mbele ya wateja na kisu chake, alimwahidi siku ya kwanza kabisa. Kwao mtu huanza na wali, na akishaujua wali ndipo husogezwa mbele kushika samaki. "Mwaka wa kumi utasimama pembeni yangu," alimwambia. Dada akaishika ahadi hiyo kwa mikono miwili.

Mwaka wa kumi ukapita kimyakimya. Wa kumi na moja ulipokaribia kwisha, Dada alimwendea meneja, ambaye si Mjapani bali ni mwenzetu wa hapahapa, mtu wa tai shingoni hata jua likiwaka vipi. Meneja akamwambia bila kupepesa macho, "Mama, tuelewane. Watu wanalipa bei ile wapate Ujapani halisi. Wakikuona wewe pale mbele watasema tumewauzia feki. Kaa nyuma, unafanya vizuri hukohuko." Mzee wa kisu alikuwa amesimama hapo akisikia kila neno. Akainamisha kichwa, akaendelea kufuta kisu chake. Hilo ndilo lililomchoma Dada. Meneja alikuwa ameropoka tu, lakini yule mzee alikuwa ameahidi.

Kesho yake asubuhi alikuja kwangu. Hakulia wala hakulalamika. Alinitupia gauni lake la bluu juu ya cherehani, akataka nilipunguze kiuno.

"Jumamosi mchana tunakwenda kula kwa Mjapani, mimi na wewe," akasema. "Nimeshaomba ruhusa. Nimeshaweka nafasi pia, viti viwili, mbele kabisa."

"Utamwaga unga, Dada."

"Basi nitakuja kula kwako."

Hapo ni lazima nieleze jambo moja. Siku zake za mapumziko ni Jumapili na Jumatatu, na siku hizo mkahawa hufungwa, kwa hiyo haikuwahi kutokea mkahawa ule ukafunguliwa bila mkono wake kwenye mchele. Alipoomba ruhusa alimwonya meneja kwamba gunia lililofunguliwa wiki ile lilikuwa la mchele mpya, umevunwa juzijuzi, bado una unyevu wake, hautaki maji mengi kama mchele wa zamani. Meneja akamjibu kwamba vipimo vimebandikwa ukutani, na wali ni wali, ataupika mwenyewe.

Jumamosi tukaingia kwa mlango wa mbele. Kulikuwa na kaunta ndefu ya mbao isiyo na doa, viti vinane, na nyuma yake mzee na kisu chake. Alipomwona Dada mkono wake ulisita kidogo, kisha akainama kama anavyomwinamia mteja yeyote. Meneja macho yalimtoka pima, lakini watu walikuwa wamejaa, angemfukuzaje?

Nikafungua orodha ya bei, nikatamani kuifunga papo hapo. Sahani moja ya sushi, yaani matonge kumi ya wali yenye kipande cha samaki mbichi juu yake, ilikuwa bei ya magauni mawili, kitambaa na ushonaji pamoja.

"Dada, kwa bei hii samaki hata motoni hakupitishwa?"

"Kula kwanza, mdogo wangu. Bei utaitukana baadaye."

Kushoto kwangu alikaa bwana mmoja mwenye saa kubwa. Hata chai haijamfikia, kaunta nzima ilikuwa imeshajua kwamba amewahi kwenda Japani mara mbili. Nikambatiza Bwana Nimefika.

Sahani zikaja. Tonge la kwanza nililila nimefumba jicho moja. Samaki alikuwa laini, safi, hana hata chembe ya shombo, na nakiri kwamba alininyamazisha. Lakini wali wake ulinigandia kwenye kaakaa kama uji uliolala. Dada alitafuna polepole, akameza, akaviweka vijiti vyake chini.

"Maji yamezidi," akasema. "Na siki imetiwa wali ukiwa umeshapoa."

Bwana Nimefika akatugeukia kwa huruma. "Msishangae, akina mama. Wali wa kwao ndivyo ulivyo, unashikana. Hamjazoea tu. Mimi nimefika huko, na huu ndio wenyewe, mkono wa Mjapani kabisa."

"Wewe umefika kwao, baba," Dada akamjibu. "Mimi nimefika jikoni kwao, na wali huu kaupika meneja."

Chai ilinipalia. Meneja akaja mbio, akainama kati yetu akinong'ona. "Mama, usinitie aibu. Kuleni, mwende. Sitawadai kitu."

Dada hakumtazama hata kidogo. "Mzee," akaita, kwa sauti ya kawaida, ila kila mtu aliisikia. "Samaki wako anastahili bei yake. Nimemla, nakubali. Lakini wali huu siulipii, na wewe ungeuonja usingekubali mtu yeyote aulipie."

Mzee akachota punje chache kwa ncha za vidole, akatia mdomoni. Akalifunika beseni la wali kwa kitambaa, akalisukuma pembeni, kisha akawaambia watu kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Wageni wangu, wali huu haufai. Naomba radhi. Tutapika mwingine." Halafu akamgeukia Dada, akashusha sauti. "Tafadhali. Nenda jikoni."

Nilijua miguu ya dada yangu. Miaka yote ile ilikuwa ikigeuka kwa neno hilohilo. Angekwenda, angeuokoa mkahawa, angepewa asante ya uchochoroni, na Jumanne angeingia tena kwa mlango wa mapipa.

"Siendi," akasema. "Jikoni nimekaa miaka kumi na mmoja, Mzee, na wewe uliniahidi kumi. Nikiupika, naupikia hapa, mbele ya hawa wanaolipa. Hutaki, namaliza chai yangu naondoka, na wao wale samaki mtupu."

"Basi ukiondoka usirudi," meneja akasema, safari hii bila kunong'ona.

"Nimesikia."

Niliushika mkono wake chini ya kaunta. Alikuwa na hofu, mimi pia nilikuwa nayo, lakini macho yake hayakutoka kwa yule mzee.

Mzee akageuka akaingia ndani. Nikavuta mkoba wangu, nikijua mambo yamekwisha. Akarudi amekumbatia sufuria nzito. Akaingia tena, akatoka na jiko dogo la gesi, halafu na mchele kwenye beseni. Akainua ubao wa kupitia ulioko mwishoni mwa kaunta, akasimama kando ampishe.

"Lakini mwenye mkahawa atasema..." meneja akaanza.

"Mwenye mkahawa akichukia," mzee akasema, "atafute na wa kukata samaki."

Dada akaingia na gauni lake la bluu. Akaosha mchele kwa kiganja, akimwaga maji ya kwanza upesi kabla mchele haujayanywa, akarudia mpaka yakatoka maangavu. Akauloweka, akaupika, akauacha ujipumzishe kwenye mvuke. Ilichukua saa nzima na robo. Wateja wawili waliondoka kwa hasira, wengine wakabaki. Bwana Nimefika, ambaye sasa alikuwa mpole kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, aliuliza kwa nini anapima maji kwa mkono na kikombe kipo.

"Kikombe hakijui kama mchele ni mpya," Dada akamwambia.

Aliutia siki ungali unafuka, akaugeuza kwa mwiko wa mbao, akaupepea. Alipomaliza, mzee akachomoa kisu chake cha pili akamnyooshea, mpini mbele. Nusura nipige vigelegele. Dada akafuta mikono.

"Hicho si cha leo. Leo mimi ni mteja. Nitajie siku, na hawa wasikie."

"Jumanne, saa tano," mzee akasema. "Pembeni yangu."

"Jumanne hiyo tu?"

"Kila siku."

Ndipo Dada akazunguka, akarudi kwenye kiti chake, akaokota vijiti. Mzee akatuhudumia upya. Mimi niliyekuja kuitukana bei nilikula matonge yangu yote kumi, nikaanza kuyakodolea macho matonge ya Dada. Punje zilishikana bila kupondeka, na wali ulikuwa na joto la kiganja chini ya samaki wa baridi. Chakula kile kilistahili kila senti, na iliniuma kukubali.

Meneja alileta bili mwenyewe, tai imelegea. Bei ya sahani zetu mbili alikuwa ameikata kwa kalamu, akabakiza chai tu.

"Ni zawadi ya mkahawa, mama."

Dada akaisoma, akamrudishia. "Iandike yote."

"Lakini wali umeupika mwenyewe."

"Miaka kumi na mmoja watu wanalipa bei hii bila kujua wanalipia mkono wa nani," Dada akasema, akifungua mkoba wake. "Mimi najua. Andika."