Jengo Lililotazama Ruhurura

Chumba changu cha kwanza cha kujitegemea kilikuwa juu ya baa, Kimisagara, ukingoni mwa ruhurura, ule mfereji mkubwa unaoshusha maji ya mvua kutoka vilimani. Nilikaa pale miaka minne, na sijapata tena mwenye nyumba kama yule mama. Nikiugua, uji ulipanda ngazi kabla sijaomba. Kwa hiyo ninayoandika kuhusu jengo lake ni maneno ya mtu aliyefadhiliwa, na msomaji ajue hivyo tangu mwanzo.

Pale lilipo palikuwa na nyumba tatu za udongo, moja ikiwa yake. Zote ziliupa mfereji mgongo. Dirisha la upande ule lilifunguliwa mtu akitaka kumwaga kitu, basi. Kisha mfereji ukapanuliwa, ukajengewa kuta za mawe, pakawekwa njia ya waenda kwa miguu na daraja jipya. Majirani zake wawili wakahama. Yeye, muuguzi mstaafu, aliuza kiwanja chake cha Kabuga alichojiwekea kwa ajili ya uzee, akajenga upya palepale: baa chini, vyumba viwili juu.

Upande wa mfereji aliweka kioo kitupu, kutoka sakafuni hadi darini. Fundi alimwuliza mara mbili kama ana hakika. Alikuwa nayo. Alizaliwa na kukulia Mwanza, na huko aliona watu wazima wakimaliza jioni zao wakitazama ziwa. Alisema maji ni maji, hata yakiwa ya mvua.

Jengo lilikuwa zuri, na halikupata watu. Au tuseme lilipata, lakini si pale alipowatarajia. Jumamosi moja nilihesabu. Ukumbini, mbele ya kioo: wawili, wote wageni kutoka Kampala. Ghalani, nyuma ya jiko: kumi na mmoja, wamekalia kreti zilizopinduliwa, wanakula mishikaki gizani mchana kweupe. Ghala likijaa, waliobaki nje waliondoka. Mmoja wa wale wa kwenye kreti alikuwa mwalimu wa shule ya jirani.

"Mwalimu, njoo ukae mbele, kuna viti vizuri," mama mwenye nyumba alimwambia.

"Hapana, mama. Kule mbele iko na watu wengi."

"Watu gani? Ni wageni wawili tu!"

"Watu wa daraja," mwalimu akasema, akarudi kwenye mshikaki wake.

Mama mwenye nyumba hakumwelewa. Alibadilisha viti. Alipunguza muziki, kisha akauongeza. Aliagiza bia za baridi zaidi, kisha za moto, maana wengi hapa huzipenda bila friji. Mwishowe aliniambia kwamba mfanyabiashara wa vipuri anataka kulinunua jengo aligeuze duka, naye amempa jibu la nusu. Masika yakiisha mambo yakiwa vile vile, atauza.

"Kiwanja nimeshakimaliza," alisema. "Nikiuza na hili, nakwenda kuwa mgeni sebuleni kwa mwanangu. Nitaomba ruhusa hata ya kubadilisha idhaa ya redio."

Wiki ile mama yangu alikuja kuniona kutoka Nyamirambo. Ni mshonaji, Mwislamu wa familia ya zamani ya pale, na hapiti ndani ya baa. Hutumia ngazi za nje. Lakini safari hii alisimama katikati ya daraja, hasogei. Tulishuka kumpokea, mimi na mwenye nyumba.

"Dada," mama akamwambia, "yule kijana ndani amebakiza nusu chupa na vipande viwili vya nyama. Mimi nimesimama huku na nimevihesabu."

"Si ndiyo uzuri wa kioo?"

"Uzuri wa Mwanza. Hapa mtu akila muhogo barabarani, habari inafika kwa wakwe kabla hajaumeza."

Mwenye nyumba akageuka kukitazama kioo chake. Alikuwa amefundishwa hivyo na mama yake mwenyewe, mzaliwa wa huku, kwamba mtu mzima hali wala hanywi mbele za wapita njia, lakini alidhani mji umeshaacha. Mama yangu alipotaja pazia, mwenye nyumba akasema pazia zito litauua mfereji wake, bora auze. Mama akaniagiza niingie, nikae kwenye kila meza na chupa ya Fanta, huku yeye darajani akipaza sauti: "Shusha! Bado naiona! Hapo, hapo!" Nilitia alama kwa chaki. Alitaka pazia la nusu, kutoka sakafuni hadi kifuani mwa mtu aliyekaa.

"Na uso?" nikauliza.

"Uso si siri. Kila mtu anao. Chupa ndiyo siri."

"Akiinua glasi je?"

"Anajikuna kidevu. Nani atamkataza?"

Alishona siku tatu, kitambaa kizito cha kijani. Mtaani kwake hawakumwacha. Jirani muuza mkaa alimwita kutoka ng'ambo ya barabara: "Shangazi, siku hizi unashonea bia?"

"Nashonea dirisha," mama akajibu bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Dirisha halinywi."

Najua ilimgharimu kufikiri. Ijumaa ile alikaa muda mrefu baada ya sala, na hakuniambia kitu. Namshukuru kwa mapazia, na zaidi kwa ukimya ule.

Tuliyatundika kwa waya na pete. Jumamosi iliyofuata, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima, watu walikuja na matope ya kazi kwenye viatu. Mwalimu alichungulia ukumbini, akatoka hadi darajani, akatazama, akarudi. Kisha akaingia ghalani, akachukua chupa yake, akaihamishia meza ya kwanza kwenye kioo. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, kama watu waliokumbuka kitu.

Saa kumi hivi akaja mfanyabiashara wa vipuri na fundi wake, futi mkononi. Walisimama mlangoni wakitafuta pa kupitia.

"Karibuni, pimeni," mama mwenye nyumba akawaambia, trei ya mishikaki begani. "Ila sitaki wateja wangu wainuliwe. Mkikosa nafasi, kaeni mnywe kitu."

Walikaa. Fundi aliweka futi chini ya kiti chake, nyuma ya pazia, akaagiza bia ya moto.