Swichi ya Feni na Sharti la Bima

Hoteli moja ya mjini Kigoma ilikataa niguse viyoyozi vyake mpaka nilete karatasi ya bima. Nilikasirika. Miaka yote hiyo natengeneza friji na vyumba vya baridi kuanzia Mwandiga hadi Ujiji, leo naulizwa nikiharibu nani atalipa! Nikamwambia meneja, "Mimi siharibu." Akanijibu kwa upole kabisa, "Basi bima yako haitakuwa na kazi, dada. Ilete tu."

Wakala wa bima, kijana mwenye shati lililonyooshwa vizuri, alikuja nyumbani kunisomea mkataba. Nikimharibia mteja mali yake nikiwa kazini, kampuni italipa. Ila kulikuwa na sharti alilolirudia mara mbili: likitokea la kutokea, nisikiri kosa kwa mteja. Niwapigie simu wao kwanza, wao ndio waseme. Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa na chai. "Kijana, hapo usiwe na wasiwasi. Nimeishi na huyu miaka kumi na minne, sijamsikia akikiri hata kuunguza wali." Nikatia saini bila hofu yoyote.

Migebuka, wale samaki wa ziwa letu, walipopatikana kwa wingi, niliitwa kufanya sevisi kwenye chumba cha baridi cha Mama mmoja pale mwaloni Ujiji, mitumbwi inaposhusha samaki. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani. Yeye huuzia hoteli samaki, na mimi huniita mwanangu. Nilizima feni ya ndani ili nisafishe barafu, mara simu ikaita. Alikuwa muuza gesi ya friji, anayeniahidi mtungi tangu wiki iliyopita, ananiambia eti bado uko kwenye treni. Weee! Nilimpa vidonge vyake. Nilimpa nikikusanya spana, nikampa nikipanda bodaboda, hata nafika nyumbani nilikuwa bado namalizia.

Asubuhi Mama akanipigia. "Mwanangu, njoo. Samaki wanatoa machozi."

Chumba kikikosa feni, baridi haisambai. Barafu inajijenga kwenye mabomba tu, samaki wanabaki na joto lao. Nilijua kabla sijafika. Niliingia moja kwa moja kwenye kijumba cha mashine kilicho kando ya mlango, nikaikuta swichi ya feni iko chini, imezimwa, vilevile nilivyoiacha.

Kuipandisha ni kazi ya kidole. Halafu ningesema umeme ulikatika, na nani Kigoma angebisha? Mkataba wenyewe ulikuwa upande wangu! Nikiri nini na saini yangu inanikataza? Mkono ulishafika kwenye swichi niliposikia Mama anafoka nje.

Hakuwa akinifokea mimi. Alikuwa akimfokea mzee wa mlango, mtu wa Kalinzi, ambaye kazi yake ni kufungua na kufunga chumba kile. Kila nikifika hunisalimu kwa Kiha, "Mwakeye," kisha huuliza habari za nyumba nzima mpaka kuku. Sasa alikuwa amesimama kofia mkononi, wanawake wa mwaloni wote wanamtazama.

"Uliuacha mlango wazi, Mzee," Mama alisema. "Mimi siwezi tena. Nipe funguo uende nyumbani."

"Niliufunga, Mama," akasema, akaanza kutia mkono mfukoni.

Jamani, aibu iliyonishika sijawahi kuiona. Nikatoka mbio. "Mwache Mzee! Ni mimi! Nilisahau swichi, kwa ajili ya mdomo wangu huu!" Mwalo mzima ulisikia. Nilipiga goti palepale kwenye mchanga uliojaa magamba, nikamwomba Mama msamaha, nikamwomba na Mzee. Mama akamwambia Mzee abaki na funguo zake, kisha akaagiza visu na chumvi. Samaki waliokuwa bado wanafaa wakapasuliwa na kukaushwa kwa moshi siku ileile. Wengi tuliwafukia.

Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka sharti. Nikawapigia watu wa bima simu, kisha nikamsimulia mume wangu. "Miaka kumi na minne!" akasema. "Ukangoja mpaka upate mkataba wa kukukataza!"

Siku ya tatu wakala alikuja mwaloni na mkadiria hasara wa kampuni, mtu mzima wa maneno machache. Alikagua mashine, akaniuliza mbele ya Mama na Mzee, "Ulikiri kosa?"

Wakala akanikonyeza niseme hapana. Damu ikanipanda. "Nilikiri! Tena kwa magoti! Ningenyamaza, Mzee huyu angekuwa analima Kalinzi kwa kosa langu. Kama bima yenu inataka hivyo, ichukueni!" Nilipiga kelele hivyo huku nikijua ninachokipoteza. Samaki wale ndio mtaji wa Mama, na mimi nisingeweza kumlipa bila kuuza vifaa vyangu vyote.

Mkadiria akamgeukia Mzee. "Wewe uliona nini?"

"Nilimwona huyu," Mzee akasema. "Kijumba kilikuwa wazi. Mama ananisema, mimi natazama mkono wa fundi uko kwenye swichi. Nikajua anafikiri. Ndiyo maana funguo nilizitoa polepole."

Mimi! Nikalia tu mbele ya watu, na Mama akanipa kanga nijifute.

Mkadiria aliandika kwa muda. "Swichi ilishakiri kabla yako, fundi. Maneno yako hayakuongeza kitu," akasema, akafunga faili. Kampuni ilimlipa Mama samaki wake walioharibika, na mimi nikaletewa barua kali ya kunikumbusha sharti. Hoteli nayo ilinipa kazi.

Siku hizi nikimaliza sevisi pale, Mzee anasimama mlangoni.

"Swichi?"

"Iko juu, Mzee! Kila mara unaniuliza, mimi mtoto?"

Anaingiza mkono mfukoni, anatoa funguo polepole, polepole sana, na mimi narudi kuangalia.